Tupeane uzoefu: Rubani wa jeshi aliyekubeba, uliwahi kumwona uso?

Mkomani: Assalaam aleikum wana Amu na Malindi. Mliovaa kombati, leo tusimulie ndege na marubani wake. Mambo ya kazi yaacheni kambini.

Naanza na Buffalo, ile ya Kanada yenye mlango wa mkiani. Mnaketi mgongo ukutani, mnatazamana na wenzenu, begi magotini. Injini zinanguruma, ukitaka neno useme kwa mikono. Rubani yuko mbele huko, hakujui, humjui. Lakini mkono wake utaujua. Mmoja, msimu wa kusi, akiikaribia Manda aliiinamisha pua hadi mate yakanikauka, kisha magurudumu yakagusa chini hata sikuhisi. Mwingine alitubwaga, meno yakagongana. Kwa wote wawili tulishukia nyuma, injini hazijazimwa, upepo wa mapanga usoni, hao wakaenda zao.

Langoni: Sisi wa helikopta ya Huey rubani tulimjua kwa kisogo. Kofia ngumu, kioo cheusi, basi. Siku moja juu ya msitu wa Boni niliona jasho likimtiririka shingoni hadi kwenye kola, na mkono wa kulia umetulia tuli. Nikajua kuna jambo. Sikuuliza.

Mkomani: Umenikumbusha ile Huey ya doria iliyoanguka usiku huku kwetu, Septemba 2023. Wanane, hakusalimika mtu. Jina la rubani wa jeshi wengi wetu hulisikia siku ya mazishi, na pengine alishakubeba.

Shela: Mungu awarehemu. Mimi raia, nauliza tu: mifuko ya kutapikia mlipewa?

Langoni: Mama, kofia ilitosha.

Ngomeni: Mimi nilibebwa kwenye machela, mguu umefungwa. Ukilala hivyo unaona nyaya za darini na chupa ya dripu. Ilikuwa adhuhuri, chupa inapiga huku na huku. Mara ikatulia. Daktari akanipigia kelele sikioni: "Amehamia juu ya bahari, nchi kavu hewa inachemka!" Wallahi natamani kumpa mkono yule bwana.

Maweni: Nilikuwa rubani, si wa safari zenu hizo. Nasi hatukuwaona nyinyi. Kwetu mlikuwa kilo kwenye karatasi: watu kadhaa, mizigo kadhaa, waketi wapi. Lakini mtu akihama kwenda nyuma bila ruhusa tulijua papo hapo, maana pua inaanza kunyanyuka. Kuna mmoja hakuwa akitulia kitini hata kidogo. Kama yumo humu, ajitaje.