Mjadala: Je, mtoto mwenye kipaji wa Mtwara na Lindi ni lazima apelekwe mbali?

Mwanzisha mada, Masasi

Ndugu zangu, shule za sekondari za serikali tulizozoea kuziita za vipaji maalumu ni Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na mbili za Tabora, ya wavulana na ya wasichana. Katika mikoa yetu miwili hakuna hata moja. Mtoto wa Nanyumbu au Liwale akichaguliwa kwenda huko, kijiji kizima hushangilia. Mimi naona msaada huo unamfikia akiwa amechelewa, tena kwa kipimo cha mtihani mmoja, baada ya miaka mingi ya kumaliza zoezi mapema na kukaa akiwasubiri wenzake. Napendekeza halmashauri zetu zianze na shule za msingi za vijijini.

Mzazi, Nachingwea

Sikubaliani nawe, ndugu. Mtoto mwenye akili nyingi anahitaji maabara, maktaba na wenzake wanaomsumbua kwa maswali, na vitu hivyo havipatikani katika kila shule ya kata. Ada si kikwazo tena tangu 2016. Kilichobaki ni nauli, godoro na mahitaji ya bweni, na kwetu fedha ya korosho huingia kabla ya Januari. (Anayetegemea ufuta, anaouza katikati ya mwaka, na ajibane mapema.) Kumbakiza mtoto nyumbani kwa sababu tunampenda ni kumnyima.

Mwalimu wa shule ya msingi, Newala

Nawaomba wote wawili tuanzie kwenye kumtambua, kwa maana hapo ndipo tunapopoteza wengi. Katika darasa lenye watoto wengi, anayemaliza kazi haraka hupewa ukiranja asimamie kelele, au huitwa mtundu na kuadhibiwa. Na mtoto aliyelelewa kwa Kimakonde tupu, ambaye bado anatafuta maneno ya Kiswahili, huonekana mzito hata kama hesabu anazipiga kichwani. Vipimo navyo havitoshi. Huko Marekani, mwanasaikolojia Lewis Terman alianza mwaka 1921 kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,400 waliochaguliwa kwa vipimo vya akili, lakini William Shockley na Luis Alvarez, ambao walipimwa utotoni wakaachwa kwa kutofikia kiwango chake, ndio waliokuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja mwaka 1956 na mwingine 1968.

Kumrusha mtoto darasa zima, jambo ambalo wazazi huniomba mara kwa mara, silipendi. Kwa kuwa elimu ya msingi inashushwa hadi miaka 6 kwa sera iliyotolewa toleo jipya mwaka 2023, atakayerushwa anaweza kuingia bweni la mbali akiwa na miaka 11. Lililo jepesi ni kupanga hisabati saa ileile kwa madarasa yote, ili wa darasa la nne anayeiweza aende kusoma hisabati na darasa la sita, kisha arudi kwa wenzake kwa masomo mengine. Halihitaji jengo wala bajeti, ila mwalimu mkuu aliye tayari kupangua ratiba.

Mzee, Mikindani

Mmesahau mikono. Mchonga vinyago hakungoja matokeo ya mtihani. Alikaa ubavuni mwa fundi tangu utotoni. Kipaji hicho shuleni kinapewa alama gani?

Mwanzisha mada, Masasi

Mzee, shikamoo, swali lako sina jibu lake. Mama wa Nachingwea, kuhusu maabara ya sekondari nakubali, anayechaguliwa aende. Ila wanaochaguliwa ni wachache mno, na hoja yangu inawahusu wanaobaki. Pendekezo la Mwalimu nitalipeleka kwenye kamati ya shule yetu, na ningependa kusikia kutoka kwa walimu wakuu wa Tandahimba na Ruangwa: walimu wa hisabati mlio nao wanatosha kufundisha madarasa yote kwa saa ileile, au ratiba hiyo itakwama hapo?