Ati "si kisanduku kimoja tu?" Watu wa Amu njooni mnishike

Koda_wa_Mkunguni:
Nimetoka kwake sasa hivi, mikono yatetemeka. Mnamjua. Nani Lamu hamjui? Yule mwenye vyumba Shela, simu mbili, na "mwanangu" nyingi hasa siku ukimdai.

Saiti yake nimeijenga kwa Django, zana ya Python ya kujengea saiti, imekwisha, wageni wanaweka nafasi. Leo kaniita, hata kahawa hakunitilia: ati fomu ya kujisajili haimpendezi, jina la mtumiaji litoke, watu waingie kwa namba ya simu. Nikamweleza kistaarabu kuwa hapo tunabadili modeli ya mtumiaji, yaani mchoro wa jinsi akaunti zinavyohifadhiwa, na nafasi, malipo, maoni, majedwali yote yameshikana na ile ya zamani. Ukigusa AUTH_USER_MODEL, mpangilio unaoitaja modeli hiyo, katikati ya safari, maigresheni, zile faili za kubadili majedwali, zagombana hadi alfajiri.

Akacheka. Akamgeukia mpwawe wa gredi ya saba: "Si kisanduku kimoja tu?"

KISANDUKU. KIMOJA. TU. Na mtoto akaitikia kwa kichwa! Mtaalamu huyo, aliyemwekea mjomba picha ya WhatsApp! Nimerudi mjini kwa miguu nikisema peke yangu "kisanduku, kisanduku", mpaka punda wamenipisha njia.

Punda_Mkaidi:
Pole kaka. Ila nyaraka za Django si zilikuwa zikihimiza mradi mpya uanze na modeli yako mwenyewe, hata kama ile ya kawaida yakutosha? Rithi AbstractUser, mtumiaji wa Django aliye tayari kupanuliwa, andika pass, yaani usiongeze kitu, kalale.

Koda_wa_Mkunguni:
Nimekuja kupewa pole, sikuja madrasa.

Bi_Langoni:
Kwani mtoto kakosea? Namba iweke kwenye jedwali la wasifu, kila mtu na wake, kisha andika bakendi ya kuingilia, msimbo wa kumtambua anayeingia, imtafute mtu kwa namba. Jina la mtumiaji lijazwe kimyakimya.

Koda_wa_Mkunguni:
Nawe dada uko upande wa kisanduku??

Tuktuk_Malindi:
Afadhali wewe. Saiti niliyorithi mimi huku Malindi, namba ya simu imehifadhiwa kama tarakimu, sifuri ya mbele yote imemezwa. Na ukianza na 01 fomu yakwambia hiyo si namba ya Kenya!

Bi_Langoni:
Nami nilizuiwa kusajili mfanyakazi kwa sababu ya ng'. Akina Ng'ang'a wote si watu?

Punda_Mkaidi:
Jina la mtumiaji la Django lenyewe halitaki hicho kijialama. Herufi, tarakimu na @ . + - _ basi.

Koda_wa_Mkunguni:
Jamani, uzi ni wangu.

Tuktuk_Malindi:
Mteja wangu mwingine ataka paswedi za wateja wote kwenye Excel, ati awakumbushe wakisahau. Nikamwambia zimefichwa, hata mimi sizioni. Akasema basi mimi si fundi.

Bi_Langoni:
😂😂 Mwenye duka la matairi?

Tuktuk_Malindi:
Huyo huyo! Kakulipa?

Bi_Langoni:
Alinilipa maembe.