Tupeane uzoefu: unyayo uliokufanya ugeuze njia

Mzee wa Fimbo

Ndugu zangu, nimefuata nyayo kwa misimu 11 katika kitalu cha uwindaji upande wa Rungwa, uwindaji wa leseni na askari wa wanyamapori akiwa pamoja nasi. Jioni motoni tunasimuliana siku tulizompata mnyama, lakini siku tulizoinamia unyayo kisha tukarudi kambini mikono mitupu hatuzitaji, kana kwamba ni aibu. Hizo ndizo ninazoziomba hapa, na ninaanza na yangu.

Ilikuwa Septemba, nyasi zimeshaungua, na majivu juu ya udongo yalishika kila alama, hata ya njiwa. Tangu alfajiri tulikuwa nyuma ya madume watatu wa nyati, na kinyesi chao ukikivunja kwa kijiti kilikuwa bado na joto ndani. Yapata saa tatu asubuhi nikaona ukwato mmoja umekanyagwa na mguu mwingine wenye vidole vinne visivyo na alama ya kucha, na kisigino kipana ambacho ukingo wake wa nyuma umegawanyika matuta matatu. Matuta hayo ni ya jamii ya paka. Nikaupima unyayo kwa alama nilizochonga kwenye fimbo yangu nikapata sentimita 12, na kwa kuwa chui ni nadra kuvuka sentimita 10, hapo hapakuwa na ubishi kwamba ni simba.

Ukubwa haukunitisha kama upya wake. Kijia cha mende wa usiku kilipita chini ya unyayo, si juu yake, maana yake mende alipita kwanza na simba akaja baadaye, na kingo za majivu zilikuwa hazijaanza kumomonyoka ingawa upepo ulikwisha kuamka. Kwa hiyo safari yetu ilikuwa na nyati mbele, simba katikati na sisi nyuma, tena upepo ukitupiga mgongoni na kumpelekea harufu yetu, huku mbele kukiwa na chaka la korongoni ambalo huwezi kuona hatua 10. Mgeni wetu, yaani mteja aliyelipia uwindaji, alitaka tuendelee. Mwindaji bingwa, ndiye anayeongoza msafara, aliniangalia, nikatikisa kichwa, tukageuka.

Mwana wa Ikwiriri

Mzee wangu, shikamoo. Kwetu Rufiji mambo ni kinyume, kwa kuwa hatumfuati simba. Yeye ndiye anayetufuata shambani. Wakati mpunga unapokaribia kuiva tunalala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo shambani, kulinda nguruwe pori wasiumalize, na simba hufuata nguruwe hao hao. Watafiti walioandika mwaka 2005 walihesabu Watanzania zaidi ya 563 waliouawa na simba tangu 1990, wakaeleza kwamba wingi wa nguruwe pori na msimu wa mavuno vina uhusiano mkubwa na mashambulizi hayo. Waliolala kwenye madungu walilijua hilo kabla halijaandikwa.

Mama yangu mkubwa alikuwa na desturi ya kufagia udongo kuzunguka dungu kila jua linapotua, nasi watoto tukidhani ni usafi tu. Asubuhi moja alituzuia tusishuke. Kutoka juu tuliona nyayo za nguruwe zikipita pembeni, na nyingine kubwa za duara zilizolizunguka dungu mara mbili na kusimama karibu na ngazi, mahali ambapo udongo ulikuwa umebonyea kama mtu aliyekaa muda mrefu. Hatukushuka mpaka majirani walipofika kwa kundi, wakipiga madebe. Toka siku hiyo alitukataza kutembea jioni katika zile siku zinazofuata mwezi mpevu, kwa sababu mwezi huchelewa kuchomoza na saa za mwanzo za usiku huwa giza tupu. Hilo nalo watafiti walikuja kulithibitisha baadaye.

Mlina Asali, Sikonge

Naomba kurekebisha jambo moja ambalo nimelisikia mno porini, kwamba ukiona kucha basi si paka na uendelee na mizinga yako. Nilishawahi kutaka kuendelea hivyo. Nilikuta nyayo kwenye tope la kidimbwi, kucha zikionekana wazi, nikamwambia mwenzangu ni fisi. Yeye akazifuata hatua chache mpaka penye udongo mkavu, na huko kucha zikatoweka: alikuwa simba aliyeteleza, na paka akiteleza au akiruka huzitoa kucha ili ashike ardhi. Duma naye huacha alama za kucha kila mara, kwa kuwa zake hazirudi ndani kama za wenzake. Tangu hapo siamui kwa unyayo mmoja. Ninatafuta minne au mitano, na ninatazama kisigino kabla ya kucha.

Siku hiyo mizinga sita tuliiacha bila kuigusa. Tuliporudi baada ya wiki, nyegere alikuwa amekwisha kuivunja miwili, na hasara hiyo bado inaniuma, sisemi uongo.

Binti wa Manyara

Mzee wa Fimbo, nina maswali mawili. La kwanza, ukiwa umechelewa kuusoma unyayo na simba mwenyewe amesimama mbele yako, unafanya nini? La pili, huyo mgeni alisemaje?

Mzee wa Fimbo

Binti yangu, usikimbie, kwa maana kukimbia humwita. Simama umtazame, kusanyikeni muonekane wengi, kisha rudini nyuma taratibu bila kumpa mgongo. Mkia ukianza kupigwa juu na chini kwa nguvu, jua amekwisha kukasirika. Chui ni mwingine: ukimwona amejificha, jifanye hukumwona na upite zako, kwa kuwa anapenda zaidi kuachwa. Hayo ninayasema nikiwa nimekaa kwenye kiti. Siku yenyewe magoti huwa na maoni yao.

Kuhusu mgeni, hakunisemesha mpaka usiku. Kesho yake asubuhi tuliona tai wametua juu ya miti ya korongo lile lile bila kushuka chini, tukajua simba wenyewe bado wapo, tukasubiri. Siku ya tatu tai walikuwa ardhini, nasi tukaingia. Tulikuta fuvu la nyati, kinyesi cha tumboni kimetapakaa, na malalio manne ya simba kwenye nyasi zilizosalimika moto. Nilihesabu hatua kutoka lalio la karibu hadi pale nilipotikisa kichwa, zikawa 32. Mgeni alizihesabu upya yeye mwenyewe, kisha akaniomba fimbo yangu aipige picha.