Kabati la kupandia bangi ndani ya nyumba: liruhusiwe Malindi au lisiruhusiwe?

Mwana wa Barani
Jamani, naleta hoja. Ulaya na Marekani kunauzwa makabati ya kukuzia mimea, urefu wa friji. Ndani hamna udongo. Mizizi imo majini, taa za LED zinajiwasha na kujizima, pampu inatia hewa, mtambo unapima ukali wa maji na kudondosha mbolea wenyewe, kisha simu inakuarifu. Harufu inanaswa na kichujio cha makaa. Wanaita haidroponiki, na wengi huko wanapandia bangi. Ujerumani tangu tarehe 1 Aprili 2024 mtu mzima ana ruhusa ya miche 3 nyumbani kwake. Kanada tangu 2018, miche 4 kwa nyumba katika mikoa mingi. Sisi Kenya tuna sheria ya dawa za kulevya ya 1994, mpandaji anaweza kufungwa hadi miaka 20.

Nasema hivi: mtu mzima akilitia kabati lake kufuli, asiuze, asivute mbele za watu, serikali imwache. Leo anayevuta anakwenda kununua maskani, kwa mtu yule yule mwenye kete za unga, yaani heroini. Anayepinga aseme kwa nini.

Abu Swaleh
Napinga. Mji umejaa mateja, wamesinzia kila kona ya soko, na wote walianzia kwenye bangi. Leo wataka tuwawekee shamba chumbani? Haramu ni haramu, iote shambani kule Ganda kwenye mchanga au iote majini kwa taa. Na wazazi wa hao mateja walikuwa wapi?

Mama Muyeye
Abu Swaleh, mwanangu ni mmoja wa hao uliowaita mateja. Wauliza nilikuwa wapi? Nilikuwa jikoni alfajiri nachovya viazi karai nipate karo yake. Leo kila asubuhi anakwenda kliniki, anakunywa methadoni, dawa ya kumwachisha unga, mbele ya muuguzi, halafu anakwenda kazini. Kliniki hiyo Malindi inayo tangu 2015, na kabla yake Omari Project ilikuwa ikiwatibu vijana tangu miaka ya tisini, wakiwemo watoto wa watu wanaoheshimika misikitini na makanisani. Mwanangu hakuanza na bangi. Alianza na unga wenyewe, akapewa na mtu mzima aliyemwamini. Hiyo "wote" yako umeitoa wapi?

Abu Swaleh
Sikumtaja mwanao, dada yangu. Nasema niyaonayo. Nimesomesha madrasa watoto wa mtaa huu, nawajua kwa sura.

Mama Muyeye
Kama wawajua kwa sura, umewahi kumsindikiza hata mmoja kliniki?

Kahindi wa Ganda
Mama kasema. Lakini mbona mwagombania bangi ambayo tayari imekatazwa, na muguka, majani ya kutafuna kama miraa, unauzwa mbele ya shule? Mei 2024 gavana Nassir kule Mombasa na Mung'aro hapa Kilifi waliupiga marufuku, kesi ikapelekwa kortini, marufuku yakasimamishwa. Watoto wetu meno yameisha, usiku hawalali. Wa bara wanaoulima wanapata pesa, sisi tunapata maradhi.

Mwembu wa Mjini
Kahindi, mimi ndiye huyo wa bara. Nauza muguka Malindi kwa leseni, nalipa kodi ya kibanda, na mtoto hanunui kwangu. Mnazi wenu unagemwa kila siku na hakuna anayewaambia mnaua watoto wa mtu.

Kahindi wa Ganda
Mnazi usiutaje. Mnazi ni wa harusi na matanga, mzee wangu aligema akatusomesha sote. Usilinganishe na majani ya kutafunwa mchana kutwa na mtu asiyekwenda kazini.

Mwembu wa Mjini
Na wanaokunywa mnazi saa nne asubuhi wanakwenda kazi gani?

Fundi Stima Mambrui
Muguka wekeni kando, nina swali la huyo mwenye kabati. Taa hizo zinawaka saa 18 kwa siku mche ukiwa mchanga, saa 12 ukitakiwa kutoa maua. Taa ya wati 150 kwa saa 18 ni uniti 2.7 kila siku, pampu na feni sijazitia. Halafu joto letu. Maji yakipata joto hayashiki hewa, mizizi inaoza, kwa hiyo itabidi ununue na kipoza maji. Stima ikikatika je? Agosti 2023 nchi nzima ililala gizani. Kwenye udongo mche unasubiri. Kwenye maji pampu ikisimama na joto hili, mizizi inaanza kukosa hewa. Na maji yenyewe ya visima vyetu yana chumvi, mtambo utalalamika tangu siku ya kwanza. Labda utumie ya mfereji kutoka Baricho, siku yakija. Kabati hili ni la mwenye jenereta.

Bint Shela
Sisi wa Lamu hilo la maji limetuuma. Maji matamu ya mji wetu yanatoka chini ya matuta ya mchanga ya Shela, na majumba yanazidi kujengwa juu yake. Halafu mtu ayatumie kunywesha bangi yake ya starehe? Mbona Afrika Kusini waliruhusu, sasa inauzwa madukani kama sigara. Ndiko mnakotupeleka.

Wakili wa Mtaani
Hapana, Bint Shela. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua tarehe 18 Septemba 2018 kwamba mtu mzima anaweza kutumia na kupanda faraghani. Rais Ramaphosa alitia saini sheria yake Mei 2024. Kuuza bado ni kosa. Na kwetu, Marasta walikwenda Mahakama Kuu Nairobi mwaka 2021 kudai haki ya kutumia kwa ibada. Wenye nyumba za kupangisha nao wasikilize: sheria yetu inamshika pia anayeruhusu jengo lake lipandiwe.

Mwana wa Barani
Fundi, kuhusu gharama sikubishii, na ndilo linalonikera zaidi. Mwenye geti na jenereta ana kichujio cha makaa, hakuna pua itakayomfikia. Kijana wa mtaa wetu wa Kisumu Ndogo hapa Malindi anavuta uchochoroni, moshi wenyewe unamshtaki. Sheria ni moja, anayefungwa ni mmoja.

Abu Swaleh
Basi washikwe wote wawili! Dawa ya dhuluma si kumwachia tajiri na maskini waharibike pamoja.

Mama Muyeye
Wote wawili wakishikwa, Abu Swaleh, ni mmoja tu atakayelala ndani. Nawe Mwana wa Barani usidhani niko upande wako. Nijibu: mtoto wa miaka 15 akilifungua kabati la baba yake, nani atashtakiwa?

Wakili wa Mtaani
Ujerumani wameandika kwamba mpandaji lazima aihifadhi miche mtoto asiifikie, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa.

Mama Muyeye
Kuandika wameandika. Nani anaingia chumbani kukagua?

Mwana wa Barani
Kila kabati liandikishwe kwa chifu, mama. Chifu anajua lilipo, na anajua nyumba ipi ina watoto.

Fundi Stima Mambrui
Kwa chifu? Ndugu yangu, hapo wa kuandikisha utakuwa peke yako. Wenye majumba ya Casuarina hawatakwenda, na wa Kisumu Ndogo hawana la kuandikisha.