Naombeni ushauri: najifunza kuchambua data za maoni ya wapiga kura, nimekwama

Wakuu habari za humu. Mimi kazi yangu ni uhasibu ila mambo ya siasa nayapenda, sasa nimeamua kujifunza kuchambua data za maoni ya watu badala ya kubishana vijiweni tu. Nimedaunlodi data za Tanzania za Afrobarometer (mtandao wa utafiti wa maoni ya wananchi Afrika), ni za bure kabisa, watu kama 2,400 wamehojiwa ana kwa ana, mafaili yako kwenye mfumo wa SPSS (programu ya takwimu ya kulipia) na mimi natumia R, programu nyingine ya takwimu, kwa sababu haina malipo (SPSS bei yake tuachane nayo).

Kufungua nimefungua, asilimia natoa. Shida inaanzia kwenye ile kolamu ya uzito (namba ya kila mhojiwa ya kurekebisha hesabu ili sampuli ifanane na wananchi wote), nikiitumia majibu yanasogea kidogo nisipoitumia yanabaki vilevile, sasa sijui lini ni lazima na lini naweza kuiacha.

Kingine kinachoniumiza kichwa ni watu kutosema ukweli. Uchaguzi wa 2010 waliojitokeza walikuwa kama asilimia 43 ya waliojiandikisha, ila ukisoma dodoso la baada ya hapo wanaodai walipiga kura ni wengi kuliko hao! Halafu kuna swali la mwisho linauliza unadhani nani katuma huu utafiti, wengine wanajibu serikali, sasa mtu kama huyo ukimuuliza atampigia nani si atakujibu kwa woga? Nimtoe kwenye hesabu au nimlinganishe na wengine?

Na regresheni ya lojistiki (ile hesabu ya kukadiria jibu la ndiyo au hapana, mfano mtu kapiga kura au hakupiga) nianzie wapi jamani, hesabu niliishia kidato cha nne. Aliyepita njia hii anielekeze.