Uhuru Park: ni kweli ilikuwa ijengwe ghorofa 60?

mlikoni
Wakuu habari zenu. Nakuja Nairobi na watoto likizo hii, sasa shemeji yangu ananiambia eti Uhuru Park ilikuwa ijengwe ghorofa 60, yule mama mtetezi wa mazingira Wangari Maathai akazuia. Ni kweli ama ni story za jaba, porojo tu? Na watoto watapata nini pale?

kanjo_mstaafu
Si jaba bro. 1989 KANU, chama tawala wakati huo, walitaka kuweka pale jumba la Kenya Times, gazeti lao, ghorofa 60, na sanamu kubwa ya rais Moi pia. Mama Wangari akaandika barua kila ofisi mpaka kwa balozi wa Uingereza, bungeni wakamcheka wakamwita kiongozi wa wanawake walioachika, Green Belt, shirika lake la kupanda miti, wakafurushwa kwa ofisi ya serikali, na bado hakunyamaza.

Otis254
Tuseme ukweli lakini, kilichoua hiyo project ni pesa. Wafadhili wa nje walijitoa.

kanjo_mstaafu
Na walijitoa juu ya nini? Ni hizo kelele. Bila yeye hakuna mzungu angeuliza kitu.

Mama Shiru
Msisahau Freedom Corner jameni, ile kona ya hiyo park. 1992 mama za wafungwa wa kisiasa waligoma kula hapo wakitaka watoto wao waachiliwe, polisi wakaja na virungu na teargas, na wamama wengine wakavua nguo mbele yao, na kwetu mama wa umri huo akikuvulia nguo ni laana hiyo, si mchezo. Wakahamia kanisa la All Saints hapo karibu wakaendelea mpaka wengi wakaachiliwa. Mimi nikisikia mtu anasema ni park ya kulala lunch hour tu naskia vibaya.

Otis254
Hapo sawa mathe. Na Kibaki aliapishwa kuwa rais hapo 2002, katiba mpya nayo ikazinduliwa hapo 2010. Mzee Jomo Kenyatta aliifungua 1969, ni kama ekari 32 hivi.

kanjo_mstaafu
@mlikoni watoto wapeleke kwa lile ziwa la kuchimbwa, ila uliza kwanza kama boti zinafanya, maana 2021 ilifungwa ikarekebishwa na mambo mengi yakabadilika. Ukivuka Kenyatta Avenue uko Central Park, mnara wa Nyayo uko huko. Na camera man akikufuata patana bei KABLA hajapiga.

mlikoni
Shukran sana. Shemeji ameshinda, soda yake niko nayo.