Wenye magari ya kulala ndani, mnapataje TV ya dishi mkiwa safarini? Tupeane uzoefu

Mpiga Kambi
Wakuu habari zenu. Nimeona tuwe na sehemu moja ya kuongelea hili maana kila kambi ninayofika nakuta mtu ana stori yake na dishi. Mimi na mama watoto huu mwaka wa tatu tunasafiri na gari la kulala ndani, tunakuwa na baba mkwe, na mzee taarifa ya habari ya usiku lazima aione, kwa hiyo dishi likigoma jioni gari zima halina raha.

Usiku wa kwanza kabisa nilipaki chini ya mti mkubwa, kivuli safi, nikasawazisha gari, nikaunga maji, nikamaliza kila kitu ndo nikakumbuka dishi. Masaa mawili nazungusha, signali sifuri, mzee kakaa kimya rimoti mkononi anaangalia kioo kimeandika hakuna mawimbi, iliniuma sana aisee. Kumbe tatizo ni ule mti. Satelaiti za TV ziko juu ya mstari wa ikweta, karibu km 36,000 kutoka ardhini, zinazunguka sawa na dunia inavyojizungusha ndo maana sisi huku chini tunaziona kama zimesimama. Ukiwa kaskazini mwa mstari dishi linaangalia kusini, ukiwa kusini linaangalia kaskazini, na ukiwa karibu na mstari wenyewe dishi linaweza karibu kulala chali. Popote ulipo kati ya dishi na satelaiti pasiwe na kitu, hata tawi moja lenye majani mabichi linakata picha maana maji yaliyomo kwenye majani yananyonya mawimbi. Siku hizi nikifika nashuka kwanza kwa miguu na simu mkononi, nina programu inayoonyesha satelaiti iko upande gani wa anga, nikipata uwazi ndo narudi kulisogeza gari. Kivuli tunajifungia turubai.

Nyie mnafanyaje?

Miguu Mitatu
Mkuu hapo kwenye mti umenigusa. Ndo sababu mimi dishi la juu ya paa niliachana nalo nikahamia la kusimamisha chini kwa stendi ya miguu mitatu na waya mrefu, gari linakaa kivulini dishi linaenda kukaa juani. Ila stendi ina masharti yake, nguzo iwe wima kabisa pande zote, chukua pima maji uiweke kweli usikadirie kwa macho, maana nguzo ikiinama kidogo tu zile digrii zilizochongwa kwenye bano la dishi hazina maana tena. Kingine dira. Kambi tatu mfululizo nilihangaika nikaamini dira ni mbovu, kumbe nilikuwa naisoma nimesimama mlangoni mwa gari na chuma kinavuta sindano. Sogea mbali na gari hatua kumi hivi ndo usome.

Halafu taratibu jamani. Dikoda inachelewa kusoma, kwa hiyo sogeza dishi upana wa kucha, hesabu mpaka tano, angalia mita ya signali, sogeza tena. Ukienda kwa pupa unaipita satelaiti na hujui kama umeipita, digrii moja ukikosea huku chini kule juu umeenda pembeni zaidi ya km 600. Na LNB, kile kichwa kidogo mbele ya dishi kinachodaka mawimbi, nayo kwa satelaiti nyingi inatakiwa kuzungushwa kidogo pale kwenye mkono wake kila ukihama mbali, mashariki au magharibi, wengi wanasahau hiyo wanabaki kulaumu dishi.

Barabara Ndefu
Mimi langu fupi. Tulisafiri siku nyingi mfululizo, zikaanza kupotea chaneli za mkoani zote, zile kubwa zikabaki, siku kadhaa mbele nazo zikaanza kukatakata. Dishi zima, waya mzima. Kila satelaiti ina eneo inalolimulika, na chaneli za mkoani mara nyingi zinarushwa kwa mwale mwembamba wa eneo dogo, ukitoka kwenye huo mwale hata ufunge dishi la namna gani hupati. Zile nyingine zinazofifia pembeni mwa eneo dishi kubwa zaidi linaweza kuziokoa, mimi nilitoka sm 60 nikaenda 80 zikarudi.

Mama Safari
Shikamooni wakubwa. Naomba niseme hili kwa wenye dishi la paa la kunyanyua kwa mkono. Asubuhi moja tulikuwa tunawahi, watoto wananisumbua, kila mtu akadhani mwenzake ameshusha dishi. Tukaondoka. Mita mia hazikufika tukasikia kishindo, mkono wa dishi umepinda kwenye tawi na paa limechanika pale kwenye skrubu, na wiki hiyohiyo mvua ikaanza kuingilia palepale juu ya kitanda cha wanangu. Tangu siku hiyo dishi likipanda tu nafunga kitambaa chekundu kwenye usukani, hakifunguliwi mpaka mtu apande ngazi aone kwa macho yake kwamba limelala. Fanyeni hivyo tafadhali.

Fundi wa Njiani
Pole sana mama, marahaba.
Nichangie la waya maana watu wanalipuuza. Ukiona nusu ya chaneli zinakuja na nusu hazipo kabisa usikimbilie kuzungusha dishi, lingekuwa limekosea ungekosa zote. Dikoda inaiongoza LNB kwa umeme unaopita kwenye waya uleule, volti 13 kwa mawimbi ya wima na volti 18 kwa ya ulalo, sasa waya ukichoka zile 18 zinafika juu zimepungua LNB inaona ni 13, ndo chaneli za ulalo zinapotea. Mimi ilinitokea baada ya mvua ya siku mbili, nikafungua ncha ya waya pale nyuma ya LNB likadondoka tone la maji kabisa, ule uzi wa shaba wa katikati umeota ukijani. Nikakata kama kidole hivi, nikachuna upya, nikafunga ncha mpya, nikazungushia utepe wa raba na kuacha waya uning'inie kidogo chini kabla ya kupanda ili maji yadondokee hapo. Chaneli zote zikarudi.

Miguu Mitatu
Kuna mwenye lile la kuba linalojitafutia satelaiti lenyewe hata gari likitembea?

Barabara Ndefu
Shemeji yangu analo. Barabarani linashika vizuri isipokuwa kwenye mahandaki na katikati ya majengo marefu, ila dishi la ndani ni dogo kwa hiyo mvua nzito likakata mapema kuliko letu. Anafuta matone juu ya kuba kwa kitambaa linarudi.

Mpiga Kambi
Fundi umenifumbua macho. Mzee leo kaniuliza mara mbili chaneli zake mbili zimeenda wapi na zingine zote zipo safi. Asubuhi kukikauka napanda kufungua hiyo ncha ya waya, nitawaletea picha.